Majina Manne Langoni

Kinu cha Mafuta, Kabalaur
4 Machi 2003

Kwa Mjomba Epineri,

Nakusalimu wewe na mkaza-mjomba Rode, pamoja na yeyote aliyekaa barazani kwako muda huu akimaliza popoo zako. Mimi ni mzima. Magoti yanaendeleaje? Na ile kakao? Dereva Tomi aliniambia umekata nusu ya miti na kuichoma kwa sababu ya wadudu. Pole sana.

Nakuandikia kwa kuwa Tomi anakuja huko bondeni kesho kuchukua mbata, na kwa kuwa kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima.

Unalikumbuka boila letu, lile lililoburutwa na matrekta mawili kutoka gatini mwaka ule ukoo wetu ulipowakodisha ardhi. Juu yake kuna vali ya usalama. Kazi yake ni moja: mvuke ukizidi inafunguka yenyewe na kuutoa nje, kama mfuniko unavyoruka kabla sufuria haijapasuka. Tangu Krismasi vali hiyo ilikuwa inavuja. Mvuke ulipotea, mashine za kukamua zikawa zinazubaa, na mafuta yakatoka kidogo. Wiki iliyopita meneja wetu, bosi Haslam, alimwamuru fundi Isidor aibane kwa kibano cha chuma. Sasa haivuji. Wala haiwezi kufunguka.

Mimi ndiye msimamizi wa zamu. Nilimwendea bosi siku hiyohiyo. Akasema tutaishughulikia baada ya meli. Meli inakuja mwisho wa mwezi kubeba mafuta. Hapa kila kitu ni baada ya meli, Mjomba. Choo cha wanawake kitajengwa baada ya meli. Melki, kijana mpya wa zamu yangu, alimwuliza mkewe atajifungua lini, akajibiwa baada ya meli.

Tunacheka, lakini nyumba za wafanyakazi zipo nyuma ya ukuta wa boila, hatua chache tu. Kina mama wanaanika nepi kwenye ukuta huo kwa sababu una joto. Nikiziona nepi zile nashindwa kula.

Niambie: nikae, au niache kazi?

Mpwa wako,
Dorkas IaLom


Bondeni Warangoi
9 Machi 2003

Mpwa wangu,

Barua yako imefika ikinuka dizeli ya Tomi. Sisi hatujambo. Magoti yangu ni kama redio yenye betri kuukuu: asubuhi yanakoroma, jioni yananyamaza. Rode anakusalimu na anasema unaandika kama mtu ambaye hajapata usingizi. Kakao tusiiongelee.

Sasa nisikilize. Unajua kazi niliyoifanya. Miaka ishirini na mbili nilisoma habari katika redio ya mkoa, na baada ya habari nikasoma matangazo ya vifo. Hakuna nyumba huku kwetu ambayo sijaipelekea msiba. Jirani yangu ToKiala anasema nikilitaja jina lake hata kwenye karata moyo unamruka, na ndiyo maana anashindwa. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kusoma jina la mtu aliye hai. Haikuwa bahati. Sikuligusa jina mpaka watu wawili wamwone maiti kwa macho yao, na mmoja wao asiwe mrithi.

Kwa hiyo nakuuliza kama nilivyowauliza wao. Ulikiona kibano hicho kwa macho yako, au uliambiwa? Haslam alisema maneno gani hasa? Nataka yaliyotoka kinywani mwake, sitaki unayodhani aliyamaanisha. Nani yuko juu yake? Serikali haina mkaguzi wa vyombo kama hivyo? Na kama unajua moto wa boila unavyopunguzwa, kwa nini hujaupunguza?

Kuhusu kuacha kazi: ukiondoka, boila litabaki. Utakuwa umejitoa wewe tu kwenye tangazo, wengine watasomwa.

Jibu upesi, na uandike kwa herufi kubwa kidogo. Macho nayo yameanza.

Mjomba wako,
Epineri ToVarkuk


Kabalaur
13 Machi 2003

Mjomba mpendwa,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mwili wangu ni mzima. Naandika kubwa kama ulivyoagiza, kwa hiyo karatasi itaisha haraka.

Kibano nimekiona. Nilipanda ngazi na kukishika baada ya zamu, kilikuwa bado cha moto. Isidor alisimama chini akinitazama, akasema, "Dada, usikishike hivyo, utadhani unakipima kaburi." Ni yeye aliyekifunga, kwa amri, na tangu siku hiyo hatanii tena isipokuwa maneno ya namna hiyo.

Moto niliupunguza. Jumatano iliyopita nilimwambia mpishi wa moto asitie vifuu vingi, tukaendesha kinu kwa mvuke mdogo. Kufikia saa nne bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakufoka. Aliagiza moto uongezwe, kisha akanipa onyo la maandishi. Nikipata la pili nitafukuzwa, na zamu itapewa Melki, ambaye bado anaogopa sauti ya pampu.

Haslam si mtu mbaya, na hilo linanichosha zaidi. Nilipomwendea mara ya pili alinivutia kiti, akanimiminia chai, akaniuliza habari za mwanangu aliyeko shule Kokopo. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kama mtu aliyejikinga chini ya paa la duka akingoja mvua ipite. Nilipomaliza akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Dorkas, mama, boila hili lilikuwepo kabla yangu, nami nitaondoka hapa Desemba nikiliacha likifanya kazi. Usilipe tabia lisizo nazo."

Nikamwuliza kama yeye angelala kwenye zile nyumba za nyuma. Akasema nyumba za nyuma haziko kwenye idara yake.

Anajua, Mjomba. Alisomea mitambo kabla sijazaliwa. Ingekuwa hajui ningemfundisha.

Juu yake ni ofisi kuu ya kampuni, Moresby. Niliwapigia simu kutoka posta, wakanirudisha kwa meneja wa eneo, naye ni Haslam. Mkaguzi wa serikali yupo. Nilizungumza naye mwenyewe, anaitwa Vagi, mtu wa adabu. Amesema hana nauli ya ndege mpaka bajeti mpya, isipokuwa kampuni yenyewe imwite na kumlipia.

Zamu yetu ni watu wanne. Mimi. Isidor ToRapil, fundi. Melki ToPalang, wa pampu. Na Hosea ToVue, mpishi wa moto, ambaye unamfahamu kwa sababu aliwahi kukuuzia jogoo kipofu.

Mjomba, ardhi hii ni ya ukoo wetu na wewe ndiye kichwa chake. Njoo ufunge gorgor, jani letu la marufuku, langoni. Hakuna atakayelivuka jani lile, si zamu ya kwanza wala ya pili. Haslam mwenyewe halivuki, alishaonywa.

Mpwa wako,
Dorkas


Warangoi
17 Machi 2003

Mpwa wangu Dorkas,

Nakusalimu. Tu wazima, mvua haikatiki, na ToKiala amekuja kuhamia barazani kwangu na mkeka wake kwa sababu kwake kunavuja. Kuhusu yule jogoo: hakuwa kipofu siku ya kuuzwa. Nina mashaka ToVue alimfundisha.

Ombi lako nimelisoma mara tatu na jibu ni hapana. Usikunje uso, soma mpaka mwisho.

Gorgor si kufuli. Ni neno la mtu, limefungwa kwenye tangawizi mwitu ili watu walione. Nikilifunga langoni watauliza: Epineri anadai nini? Nami nitasema nini? Vali? Gorgor haijui vali. Inajua ardhi, inajua ugomvi, inajua msiba. Unakumbuka yule bwana wa Vunabal aliyeifunga mlangoni mwa zahanati kwa sababu mkewe alikimbilia kwa mganga? Watu walicheka siku mbili. Siku ya tatu mtoto akaumwa na nyoka na hapakuwa na wa kufungua mlango. Tangu hapo neno la ukoo ule halisikilizwi hata likiwa la kweli.

Nikisema ni kwa ajili ya ardhi, hapo ndipo mambo yataharibika kabisa. Ugomvi wa ardhi una bei. Haslam atapiga simu Moresby, italetwa bahasha, nguruwe wawili na magunia ya mchele. Wajomba zako wengine, unaowajua, watafika kabla ya nguruwe. Nami nitalazimika kuing'oa, maana aliyelipwa hana neno tena. Boila litawashwa nyama ikiwa bado jikoni. Na Haslam ataandika kwamba wenye ardhi walitaka pesa, na safari nyingine ukipiga kelele watasema ni walewale.

Gorgor inayonunulika haitakusaidia. Nitafutie isiyonunulika, nami nitaifunga.

Jambo jingine. Mpaka leo nina shahidi mmoja tu, naye ni mpwa wangu. Kama ungekuja redioni ningekurudisha nyumbani kwa heshima zote.

Jaribu tena kwa Vagi. Mpigie mpaka achoke. Na usipande tena ile ngazi.

Mjomba wako,
Epineri


Kabalaur
25 Machi 2003

Mjomba,

Leo sina salamu ndefu, Tomi amewasha gari.

Jana kioo cha kuonyesha maji kilipasuka. Kilikuwa karibu na mkono wa ToVue. Ngozi imetoka kuanzia kifundo mpaka kwenye kiwiko. Bosi amempa siku mbili za mapumziko na makopo sita ya samaki. ToVue aliuliza kama mkono wa kushoto nao una makopo sita, watu wakacheka, kisha akageuka ukutani akatapika.

Kwa kuwa shinikizo lilikuwa juu nilikwenda kuzunguka boila zima kwa tochi. Chini, upande wa bahari, pale matofali yanapokutana na chuma, pana unyevu. Nilipangusa, ukarudi. Nikapangusa tena. Chuma kinatoka jasho, Mjomba, na halikuwa maji ya bomba, maana lilikuwa linanichoma kupitia kitambaa.

Nilimwita bosi. Alikuja, akainama, akaangalia. Akasema, "Ijumaa meli inatia nanga. Jumatatu tutazima." Akajifuta mikono. Ijumaa asubuhi zamu mbili zitafanya kazi pamoja na moto utaongezwa kupita tulivyowahi, ili tanki lijae.

Nitaingia. Nisipoingia atawekwa Melki, na mkewe Melki yupo katika mwezi wake.

Ulitaka shahidi wa pili asiye mrithi. Huyu hapa, kwa mkono wake mwenyewe:

Ni kweli. Kibano nilikifunga mimi. Jasho nimeliona mimi. Isidor ToRapil.

Usipojibu nitaelewa. Mwanangu Lepani akikuuliza jambo lolote baadaye, mwambie yaliyotokea tu, usimtilie chumvi.

Mpwa wako,
Dorkas


Kabalaur
1 Aprili 2003

Mjomba,

Natumaini mmefika salama na magoti hayakuvimba kwa kukaa chini siku nzima. Hukunijibu barua. Ulipita mbele yangu bila kunitazama, na sasa naambiwa hutanitazama wala kunijibu mpaka mambo yasafishwe, kwa sababu mtu haongei na aliyemlilia. Sawa. Mimi nitaandika. Hakuna mila inayomkataza marehemu kuandika.

Wewe ulikuwa umegeukia upande wa barabara, kwa hiyo kuna mengi hukuyaona. Nakueleza.

Ijumaa alfajiri tulifika langoni wakati wa kubadilishana zamu, tukakuta watu wamesimama. Niliona kwanza majani, yamefungwa kati ya nguzo mbili, mabichi bado yana umande. Kisha nikakuona wewe umekaa chini, mkaa usoni, kifua wazi. Nikajisemea, amekuja kudai ardhi, basi tumeshindwa. Melki akaninong'oneza, "Shemeji, kwenu nani amekufa?" Nikamwambia sijui.

Ndipo ukaanza. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu ulipostaafu. Hukupaza. Ulisema tu, "Huyu ni Epineri ToVarkuk. Yafuatayo ni matangazo ya vifo." Watu wote waliokuwa na mizigo waliishusha. Hata mwendesha trekta alizima. Mjomba, mimi mwenyewe nilisimama wima kumsikiliza aliyekufa.

"Hosea ToVue, mpishi wa moto, amefariki dunia kazini Kabalaur. Ameacha mke na watoto watatu. Habari ziwafikie ndugu zake walioko Raluana, Kokopo na visiwa vya Duke of York."

ToVue alikuwa bega kwa bega nami, mkono umefungwa bandeji. Akacheka kidogo. Akasema, "Mzee, mimi nipo hapa, na jogoo nitakurudishia." Hukumgeukia. Ukamsoma Melki, ukasema ameacha mke mjamzito. Ukamsoma Isidor, ukataja na mama yake kwa jina. Ukanisoma mimi. Hapo ndipo ulipomeza mate. Labda wengine hawakusikia.

Mke wa ToVue alikuwa ukutani na nepi zake. Alijua mumewe yu hai, alikuwa anamwona. Lakini alikaa chini palepale kwenye matope, akaanza kulia kilio kile cha msibani, na wenzake wakakipokea mmoja baada ya mwingine mpaka kikafika nyumba ya mwisho. ToVue akaacha kucheka. Akaniambia polepole, "Dorkas, sauti hii ndiyo iliyomsoma baba yangu." Akavua kofia ya kazi akaitundika kwenye uzio.

Hakuna aliyeingia. Watu wa zamu ya usiku walikuwa bado ndani, wakataka kutoka mbio. Niliwapigia kelele kupitia uzio: msitie vifuu tena, msizime pampu, msifungue kitu kwa ghafla, acheni moto ufe wenyewe. Mzee Tiale wa zamu ile ana kichwa baridi, alifanya yote kisha akawatoa kwa mlango wa pwani. Kufikia saa sita mchana sindano ya geji ilikuwa imelala. Nililia hapo, si kabla.

Haslam alifika na gari, akakuta majani. Nilikuwa karibu na dirisha lake. Akamwuliza karani, "Wanataka nini?" Karani akasema, "Hawataki kitu, bosi. Wamefiwa." Akauliza nani kafa. Karani akatuonyesha sisi kwa kidole, mmoja mmoja, kwa heshima. Bosi alitutazama. Akasema ataleta mchele na nguruwe. Karani akamweleza kwamba bei ya msiba haizungumzwi mpaka marehemu azikwe, na hawa hawazikiki.

Ile gorgor isiyonunulika uliyoniambia nikutafutie, uliipata mwenyewe.

Meli imetia nanga, mabaharia wake wanavua samaki kwa kamba ubavuni. Bosi amekasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Amepiga simu Moresby, kampuni inamletea Vagi kwa ndege, kwa nauli yake, ili atangaze mbele ya wote kwamba boila ni zima na mzee Epineri ni mwongo. Anafika kesho.

Mpwa wako,
Dorkas


Kabalaur
20 Aprili 2003

Mjomba,

Salamu za Pasaka kwako na kwa mkaza-mjomba. Sisi ni wazima, wote wanne. Mke wa Melki amejifungua msichana.

Vagi alifika. Mtu mfupi, mwenye begi la shule. Haslam alimwingiza kwa mlango wa pwani, na sisi tulitazama kupitia uzio. Alikitoa kibano, akakishika mkononi kama mtu aliyeokota kitu kibaya njiani, akakiweka chini. Alibomoa matofali machache upande wa bahari. Akatoa nyundo ndogo akaanza kugonga chuma, akisikiliza. Kililia vizuri, kikalia vizuri, kisha mlio ukawa kama wa chungu chenye ufa. Hakugonga tena. Alirudisha nyundo kwenye begi, akafunga zipu, akatoka taratibu mpaka ng'ambo ya barabara, ilhali boila lilikuwa limepoa siku nne. Akaagiza zile nyumba zihamwe kabla hajaandika chochote. Ufa una urefu wa mkono wangu na ndani chuma kimeliwa kikawa chembamba kama sahani.

Halitawashwa tena. Meli iliondoka na nusu ya mzigo. Kinu kimefungwa mpaka boila jingine lipatikane, na watu wanaishi kwa mihogo na madeni. Wapo wanaonisalimu na wapo wasionisalimu.

Haslam ameondoka mapema. Alikuja kuniaga, akanipa birika lake la chai. Bado anaamini lingefika Jumatatu. Akasema, "Hatutajua kamwe, Dorkas." Nikamwambia, sawa bosi, tusijue.

Lakini lililo zito ni hili, nawe umeshalisikia. Familia zinakudai fidia. Kumlilia aliye hai ni kumchimbia, hakuna asiyejua. Mama yake Isidor hakula kwa siku tatu. Wakwe wa ToVue walishachinja nguruwe kwa ajili ya matanga, ndipo wakamwona marehemu anakuja kula. Wanataka simbi, zile fedha zetu za makombe yaliyotungwa kwenye kamba, za kukatwa mbele ya watu. Nilijaribu kuwaeleza habari za ufa. Wakasema ufa wameusikia, na fidia wanaitaka.

ToVue mwenyewe anasema yeye hadai, ila mke wake anadai, na yeye anamwogopa mke wake kuliko boila.

Nitumie neno moja tu kwa Tomi, hata la mdomo.

Dorkas


Warangoi
1 Juni 2003

Mpwa wangu Dorkas,

Nakusalimu. Nimearifiwa na watu wawili, na mmoja wao si mrithi, kwamba u mzima. Kwa hiyo naruhusiwa kukuandikia. Rode anakusalimu. Magoti sasa yanakoroma na jioni pia.

Jana tumemaliza. Nilisikia kwamba ulikuwa Kokopo kumpokea fundi wa boila jipya, hukuweza kuja. Nakueleza yaliyotokea tu.

Familia zilifika asubuhi, wengi kuliko nilivyotarajia, na wakaketi kwa ukoo. Nilizitundika simbi uani, nyingi zikiwa nilizozitunza kwa ajili ya mazishi yangu mwenyewe. ToKiala alinisihi nisimame nieleze habari za chuma na ufa kabla ya kulipa, ili watu wapunguze. Nilikataa. Wao hawakuniambia nimekosea kuhusu boila. Waliniambia nimekosea kuhusu watoto wao, nami nilikuwa nimekosea.

Redioni tulikuwa na desturi: ukikosea, unasahihisha kwa sauti ileile uliyokosea nayo. Kwa hiyo nilisimama nikajitaja jina, nikasema, "Yafuatayo ni masahihisho." Nikamwita Hosea ToVue. Akajibu, "Nipo." Nikasema yu hai, habari ziwafikie ndugu zake walioko Raluana, Kokopo na visiwa vya Duke of York. Akaja akapokea simbi zake kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado haukunji vidole. Chini ya kwapa alikuwa na jogoo. Nimemkagua macho, yote mawili yanaona.

Nikamwita Melki ToPalang. Alikuja na kichanga, akakiweka mikononi mwangu ili aweze kupokea. Kimenikojolea, watu wakasema sasa hatudaiani. Nikamwita Isidor ToRapil. Mama yake aliinuka badala yake, akanipiga kofi moja, si zito, kisha akachukua simbi akaketi akala. Alikula sana.

Kwa miaka ishirini na mbili sikuwahi kumsoma aliye hai. ToKiala anasema rekodi yangu imeharibika, na sasa nikimwita kwenye karata hasikii chochote, ananishinda kila siku.

Jina la nne niliita, pakawa kimya. Rode akataka kupokea kwa niaba yako. Nikamkatalia. Fungu lako lipo nyuma ya mlango, kwenye msumari wa koti langu. Usimtume Tomi. Fidia ya aliye hai, mwenyewe huja kuichukua kwa miguu yake.

Mjomba wako,
Epineri